Tathmini ya Mtu Mrefu

Ebenezer alimwona Noel kabla hajaiona Konde yenyewe. Alikuwa ndiyo kwanza ameshuka garini, anapangusa vumbi kwenye fulana yake yenye kola, mara juu ya vichwa vya watu wote sokoni, juu ya mikungu ya ndizi na juu ya turubai la muuza muhogo, kikapita kichwa kimoja peke yake. Kilikuwa kichwa kipole, chenye kofia ya fundi mwashi, na kiliinama kukwepa kamba ya nguo ambayo watu wengine hata hawakujua kwamba ipo.

Mtu wa kawaida akimwona mtu mrefu namna ile humtukuza Mungu akaendelea na safari yake. Ebenezer alisimama. Alihisi ule mtekenyo wa moyoni uliomjia kila alipokuta kitu cha thamani kwa watu wasiojua kukiuza.

Tusimwonee. Mwizi hakuwa. Mwizi huchukua, Ebenezer alikuwa akipewa, tena kwa mikono miwili na shukrani juu yake. Huko Dar es Salaam aliwapa watu sitini vyeti vya uamuzi wa mpira wa wavu, na wengi wao wavu wenyewe hawajauona mpaka leo. Watu hao walipoanza kumtafuta kwa pamoja, alikumbuka kwamba ana dada Pemba. Dada huyo, Fausta, alikuwa mwalimu wa hesabu katika skuli moja ya Wete, na alimpokea vizuri. Alimpa kochi la sebuleni, mto mmoja, na miezi miwili.

Mwezi mmoja ulikuwa umeshakwenda. Ebenezer aliingia duka la misumari na saruji lililokuwa karibu, akamsalimia mwenye duka kwa heshima zote, akauliza, "Mzee wangu, yule mrefu anacheza mpira wa kikapu?"

"Noel? Anakaa," alijibu mwenye duka. "Timu yangu ile, na benchi ni lake. Mpira ukimjia huupisha kwa adabu."

Huyo alikuwa Mzee Yussuf, mwenyekiti wa timu ya kikapu ya Konde. Nyuma yake, katikati ya mabati na ndoo za rangi, ilisimama pikipiki nyekundu ambayo kiti chake kilikuwa bado kina nailoni. Ebenezer aliitazama, na hapo hapo akaipenda. Si kupenda kwa mchezo. Alijiona juu yake akiteremka melini upande wa pili wa bahari, mtu mzima mwenye chombo chake, na hakuna dada duniani anayemuuliza ataliachia lini kochi.

"Na timu inakosa nini?" aliuliza, macho bado kwenye pikipiki.

"Mfungaji. Nnamtaka Ame wa Jadida. Mfupi, lakini akirusha kutoka mbali hakosi. Ila hapatikani. Mwenyekiti wa Jadida ni Bi Moza, na Ame ni mwanawe wa kumzaa. Hatomtoa."

"Mzee wangu, mchezaji hatolewi. Mchezaji hubadilishwa, baada ya tathmini." Ebenezer alitoa kompyuta yake ya mkononi, ile bapa yenye ufa kwenye kioo, akaiweka juu ya mizani ya misumari. "Mimi ndiyo kazi yangu. Nakwenda Jadida kama mtaalamu asiye na upande. Napima mahitaji ya timu yao, naona kwamba wanahitaji urefu. Wao wanachukua Noel, ninyi mnachukua Ame."

"Na weye wapata nini?"

"Mimi ni mtu wa michezo tu," alisema Ebenezer, na jicho lake likarudi kwenye nailoni ya kile kiti.

Mzee Yussuf naye aliigeukia pikipiki, akamrudia Ebenezer, akakuna ndevu. "Siku Ame atakapoingia uwanjani kucheza mechi na jezi ya Konde mwilini, pikipiki hiyo yako. Kabla ya siku hiyo hata kioo chake usikiguse."

Walipeana mikono. Ukutani palikuwa na ratiba ya ligi, ina muhuri na kila kitu: Jadida na Konde, uwanja wa Jadida, Jumamosi, wiki tatu kutoka siku ile. Ebenezer aliipiga picha. Mzee Yussuf alipomwona anaipiga picha alifungua mdomo kusema neno, kisha akaufunga, akarudi kupima misumari.

Usiku huo Fausta alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu. "Umewauliza watu?"

"Mimi ndiye ninayeulizwa," alijibu Ebenezer, akajifunika shuka.

Kesho yake asubuhi alikuwa Jadida, kipenga shingoni. Uwanja wa kikapu wa Jadida ni wa saruji, mpana, mbele kabisa ya nyumba ya Bi Moza, na Ebenezer alifurahi kuona jinsi timu ile inavyoujali. Vijana wawili walikuwa wakiziba nyufa kwa saruji mpya. Wa tatu anafagia. Bi Moza mwenyewe, mwanamke mnene mwenye miwani, alikuwa ukingoni akihesabu kwa hatua urefu na upana, na barazani kwake kina mama walikuwa wakishona majamvi yaliyochanika. Timu yenye mashabiki wanaoshona vya kukalia wiki tatu kabla ya mechi, aliwaza Ebenezer, ni timu yenye kiu ya ushindi.

"Karibu, mwanangu," alisema Bi Moza alipokwisha kuelezwa. "Mtaalamu wa kupima wachezaji. Hatujapata kumwona mtu kama huyo hapa."

"Tuanze na mahitaji, Bi Moza. Timu nyingi zinabadilishana wachezaji kwa kufuata majina. Kumbe swali ni moja: pengo lenu liko wapi?"

"Nnahitaji mtu mrefu," alisema Bi Moza.

Ebenezer alisikitika kidogo. Alikuwa ameandaa mchoro wenye rangi tatu. Mtu wa kazi yake hupenda mteja asite kidogo, avutwe, akubali kwa shida, ili naye alale akijua ametumia kipaji. Akauonyesha mchoro wake hivyo hivyo, na Bi Moza akautazama wote, akatikisa kichwa kwa kuridhika mahali panapostahili. Kisha akaomba fomu ya tathmini aliyokuja nayo Ebenezer, akavaa miwani vizuri, akaanza kumhoji yeye kuhusu Noel.

"Mkono wake akiunyoosha, wafika wapi?"

"Anagusa ringi bila kuinua visigino. Urefu wa mkono, kumi juu ya kumi."

"Mikono juu aweza kukaa muda gani?"

"Siku nzima, Bi Moza. Fundi mwashi yule, amezoea kubandika dari. Na ulinzi wa kikapu ndio huo, mikono juu. Tisa."

"Si mwenye papara? Si mvunjaji?"

"Hajavunja hata kikombe. Upole, kumi."

"Hupanda?"

Ebenezer alisita. Katika fomu yake hakukuwa na kupanda. "Apande nini, mama? Mwenye urefu ule hana haja ya kupanda."

"Ndivyo nilivyotaka kusikia," alisema Bi Moza, akaandika kumi kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha wakafika kwa Ame. Ame alikuwa palepale, ndiye aliyekuwa akifagia, kijana wa miaka ishirini na moja mwenye mabega madogo na vidole virefu. Bi Moza alimgeukia. "Huyu ndiye anayenifungia," alisema. "Nikimtoa, timu yangu yabaki na nini?"

Hapo Ebenezer alifurahi tena, maana hapo ndipo kazi yake ilipoanza. Alisema kwa robo saa. Alisema kuhusu uwiano, kuhusu ribaundi, kuhusu timu inayomtegemea mtu mmoja na msiba unaoipata mtu huyo akiteguka kifundo. Kina mama barazani waliacha kushona. Mmoja alifuta jicho. Mwisho Bi Moza alishusha pumzi, akasema, "Basi na iwe mwezi mmoja wa majaribio. Mrefu akinifaa, tutazungumza tena. Hakunifaa, kila mtu na wake. Na Noel aje kesho, si kesho kutwa."

Ebenezer alihesabu haraka. Mwezi una wiki nne, mechi iko wiki ya tatu. Alitia saini kama shahidi na mtaalamu, akapiga muhuri aliokuwa nao mfukoni, ambao ulisema jambo fulani kuhusu mpira wa wavu.

Noel alihamia Jadida kesho yake na begi dogo na mwiko wake wa kazi. Jina la Ame likaandikwa kwenye orodha ya Konde. Ebenezer aliishi siku tatu za raha, akipita kila siku mbele ya duka la Mzee Yussuf kuisalimia pikipiki kwa mbali. Siku ya nne alikwenda kumwona Ame kwenye mazoezi ya Konde, na Ame hakuwepo. Siku ya tano hakuwepo. Siku ya sita Ebenezer alipanda gari kurudi Jadida, akamkuta Bi Moza anafunga kamba kwenye magunia matupu.

"Ame yuko wapi, Bi Moza? Konde wanamsubiri."

"Yuko Mtambwe, shambani kwangu. Karafuu zimeiva."

"Lakini si amekwishakuwa wa Konde?"

"Konde nimewapa mchezaji," alisema Bi Moza kwa upole. "Mwana sikuwapa."

Ebenezer alimfuata Ame hadi Mtambwe. Alikuta mikarafuu mirefu, ngazi, kelele za watu wasioonekana, na miguu miwili myembamba ikining'inia kwenye majani. "Ame," aliita, "shuka, mdogo wangu. Mazoezi."

"Nashuka mama akisema nishuke," ilijibu ile miguu.

"Na mama atasema lini?"

"Zikimalizika."

Ebenezer alitembea shamba zima akihesabu miti, akaacha kuhesabu. Chini ya mmojawapo alimkuta Noel, amesimama tu wima juu ya ardhi ya Mwenyezi Mungu, anachuma matawi ambayo wengine waliyafikia kwa ngazi. Kando yake gunia lilikuwa limejaa. Alikuwa anapiga mluzi.

"Kaka Ebenezer," alisema Noel, "nimekuwa nikikutafuta nikushukuru. Tangu nikiwa mtoto kila mtu ananiambia ruka. Mwalimu, kocha, watu njiani. Mimi kuruka sipendi. Hapa hakuna aliyeniambia niruke hata mara moja." Macho yake yalikuwa na machozi ya kweli, na Ebenezer, ambaye hajawahi kushukuriwa kwa jambo lililokuwa limemfaa mtu, hakujua pa kuweka mikono yake.

Lakini pikipiki ilikuwa pikipiki. Alirudi mbio kwa Bi Moza na pendekezo: apatikane mchumaji mwingine, achukue nafasi ya Ame, na Ame aende mazoezini. Bi Moza alifikiri, akakubali, tena kwa moyo mmoja. Ebenezer akazunguka Wete nzima akitafuta mchumaji. Aliuliza bandarini, aliuliza sokoni, aliuliza mpaka Konde. Wenye mikono walikuwa mitini. Wasiokuwa mitini walikuwa wazee sana, au walikuwa na cheti cha daktari, au walimcheka tu. Siku mbili zilipotea hivyo.

Siku ya tatu alfajiri, Ebenezer, mtaalamu asiye na upande, alisimama mwenyewe chini ya mkarafuu huku akishikilia ngazi kwa mikono miwili. Bi Moza alikuwa amempa kikapu na maneno machache. "Shika tawi karibu na shina. Tawi la mkarafuu halina huruma. Na usinivunjie."

Siku ya kwanza alipanda vipandio vinne vya ngazi akalia. Hakulia sana, na alisema ni jasho. Siku ya pili alifika kwenye tawi la kwanza na akakaa hapo mpaka adhuhuri kwa sababu hakujua njia ya kurudi, na Noel akamteremsha kama mtu anavyoteremsha chungu kutoka rafu. Siku ya nne alichuma kikapu kizima. Siku ya saba vidole vyake vilikuwa vyeusi na alikuwa amejifunza kukata kishada bila kuumiza kitawi. Jioni alikaa na wengine kwenye jamvi kuchambua, kutenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, akisikiliza masengenyo ya Wete yote, na aliporudi nyumbani Fausta alimfungulia dirisha na kumwambia kwamba sebule sasa inanukia vizuri kuliko siku zote alizokuwepo.

"Unacheka," alisema Ebenezer.

"Sicheki. Najiuliza tu kama umewauliza watu."

"Wiki nzima nipo nao mitini. Nani nisiyemuuliza?"

"Na umewauliza nini?"

Aliwauliza mengi: Ame anafanya mazoezi? Anafanya. Anafunga? Hakosi. Mzee Yussuf bado anayo ile pikipiki? Anayo. Jambo ambalo hakuuliza, maana lilikuwa limeandikwa na lina muhuri, tutaliona.

Jumamosi ilifika. Ebenezer alioga mara mbili, akavaa fulana yenye kola, akaning'iniza kipenga. Mkononi alikuwa na mfuko wenye nguo zake zote, maana meli ilikuwa inaondoka siku ile ile. Alimbusu dada yake kwenye paji la uso, akatoka kwenda Jadida huku moyo unamdunda kwa furaha tupu.

Uwanja aliunusa kabla hajauona. Alipokata kona ya mwisho, alisimama.

Kutoka ringi hadi ringi, uwanja mzima wa saruji ulikuwa umefunikwa majamvi, na juu ya majamvi karafuu. Zile za karibu na njia zilikuwa bado na ubichi wake, kijani na wekundu. Za katikati zilikuwa zimeanza kukauka. Za chini ya ringi ya mbali zilikuwa kahawia iliyokolea, tayari kwa gunia. Mstari wa pointi tatu ulikuwa haupo. Chini ya ringi ya karibu, juu ya kiti cha plastiki, alikaa Bi Moza na mwavuli mkononi, anafukuza kuku. Noel alikuwa pembeni, akizigeuza karafuu kwa reki ndefu bila kukanyaga hata jamvi moja, kwa sababu mkono wake ulifika mpaka katikati.

"Bwana Ebenezer," alisema Bi Moza. "Zako hizo pale kona ya kushoto. Zimekauka vizuri."

"Mechi saa kumi," alisema Ebenezer kwa sauti iliyokuwa inatoka mbali.

"Mechi gani?"

"Ratiba, Bi Moza. Imepigwa muhuri."

"Ratiba waliandika watu wa ofisini, kwenye viyoyozi. Wewe ushaiona sakafu nyingine pana kama hii Jadida nzima? Kila mwaka karafuu zikiingia mpira wasubiri. Karafuu zikitoka, twafagia, twacheza. Huenda siku ishirini tena, kukiwa na jua. Hata watoto wa chekechea wajua."

Fausta, ambaye alikuwa anapita na kapu la sokoni kwa bahati, au ndivyo alivyosema yeye, alisimama ukingoni. Alimtazama tu kaka yake, na swali lake lilikuwa usoni.

Ndipo Mzee Yussuf alipofika akiendesha pikipiki nyekundu, na nyuma yake amekaa Ame, na Ame, ametoka mazoezini, amevaa jezi ya Konde. Nailoni ilikuwa bado kwenye kiti. Ebenezer alipoiona jezi ile, akili yake iliamka yote kwa pamoja.

"Ame," alisema, akimkimbilia, "mdogo wangu, ingia uwanjani. Hatua moja tu. Hapa pembeni. Mzee Yussuf, mashahidi wapo, jezi ipo."

Ame alizitazama karafuu, akamtazama mama yake. Bi Moza hakuinua hata mwavuli.

"Kaka," alisema Ame, "mie nimekulia kwenye uwanja huu. Mwenye kukanyaga karafuu za mama yangu na kiatu bado hajazaliwa."

"Vua kiatu."

"Na mguu pia."

"Tena nilisema kucheza mechi," aliongeza Mzee Yussuf, akiegesha pikipiki kwa utaratibu. "Nami neno langu silirudishi. Mechi ikichezwa na Ame akiwa wangu, chombo chako."

Ebenezer alihesabu, safari hii polepole. Mwezi wa majaribio ulikuwa unakwisha baada ya wiki moja. Mechi siku ishirini. Wiki ikiisha Ame anarudi kwa mama yake, na pikipiki inarudi kwenye ndoo za rangi. Alikaa chini, palepale kando ya jamvi, na mfuko wake wa nguo magotini. Alijisikia mjinga, na zaidi ya ujinga alisikia kidonda cha mtu aliyependa.

"Isipokuwa mkataba urefushwe," alisema Mzee Yussuf, kama aliyekumbuka tu.

"Waweza kurefushwa," alisema Bi Moza. "Ame abaki Konde hata mechi ipite, mie sina neno. Lakini Noel simrudishi. Amenifaa, na hao watu wa tathmini waliniambia kweli."

"Noel ndiye alokuwa ananichumia mie kila mwaka," alisema Mzee Yussuf. "Ukibaki naye, mikarafuu yangu ya Konde yachumwa na nani?"

Wazee wale wawili walitazamana. Kisha wote wawili, bila haraka, wakageuka kumtazama mtu aliyekaa chini.

"Iko wapi ile fomu yake?" aliuliza Mzee Yussuf.

Bi Moza aliitoa chini ya kiti, imekunjwa vizuri, na upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Mzee Yussuf alivuta ndoo akakaa, akachomoa kalamu.

"Tuanze na mahitaji yangu. Mkono, akiunyoosha?"

"Wa wastani," alisema Bi Moza. "Tano."

"Pumzi?"

"Sita. Pumzi anayo, lakini nyingi huitumia kulalamika."

"Kupanda?"

"Mwanzo alikuwa akilia. Sasa anaimba. Mpe nane."

"Maneno?"

"Kumi. Wachumaji wenzake hawachoki, naye yuko juu anawahadithia."

"Kutovunja matawi?"

Bi Moza alifukuza kwanza kuku mmoja. "Saba," alisema.

Ebenezer aliinua kichwa. "Saba?"

"Saba, mwanangu."

"Bi Moza, wiki nzima hii sijakuvunjia hata kijiti. Muulize Noel."

Noel, kutoka huko juu alikokuwa, alikubali kwa kichwa.

"Mzee wangu, mwenye fomu ni mimi na vipimo vyake navijua," alisema Ebenezer, akasimama na kupangusa suruali, uso umemwiva. "Hapo andika tisa. Andika, nakuona hujaandika. Kisha uniambie hiyo mikarafuu yako ni mingapi."